Ufadhili Usomwe Kabla ya Kushangiliwa



Matokeo ya darasa la saba yakitoka, wazazi wa Delta hutuuliza: mtoto aende sekondari ya serikali, au shule binafsi iliyomuahidi ufadhili?

Tangu 2016 sekondari za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne. Lakini kwa mtoto atokaye visiwani kwa boti, chumba cha kupanga, chakula na nauli ni mzigo. Shule binafsi nayo yaweza kusamehe ada, yakabaki bweni, sare na michango.

Sisi hatupingi ufadhili. Tunasema tuulize: ni wa miaka minne au mmoja? Unalipa nini, unaacha nini? Mfadhili akijitoa, je? Suratul Baqara, aya ya 282, inatuamrisha kuandikiana madeni; basi na ahadi hii iandikwe. Tumeona mtoto akirudishwa nyumbani kidato cha pili kwa ahadi ya mdomo tu.

Majibu yakiridhisha, mpelekeni. Yasiporidhisha, msiiache nafasi ya serikali. Nauli ya boti tutachangiana. Kijana, popote uendapo, swala na madrasa usiviache.

Wabillahi tawfiq.