Kifafa: Itikadi Zetu na Haki ya Mgonjwa

Ndugu Waislamu, miongoni mwa maradhi yanayopima utu wa jamii yetu ni kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi nacho, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka lau wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Dawa zipo, na baadhi yake ni za bei nafuu. Kwa nini basi wagonjwa wetu wangali wakiungua motoni na kuzama majini?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika itikadi. Wapo wanaodhani kuwa povu la mgonjwa huambukiza. Hivyo anapoangukia jikoni, watu hurudi nyuma badala ya kumvuta. Dk. Louise Jilek-Aall, aliyehudumia wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, mkoani Morogoro, katika miaka ya 1960, aliieleza hofu hii na madhara yake. Ukweli ni kwamba kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa kumgusa mgonjwa. Huweza kusababishwa na madhara ya ubongo wakati wa kuzaliwa, malaria kali, homa ya uti wa mgongo au ajali ya kichwa.

Wengine husema: "Ana jini huyu." Hatukanushi kuwepo kwa majini, kwani Qur'an imewataja. Lakini kuamini ghaibu si ruhusa ya kumfunga mgonjwa kamba, kumpiga, kumvisha hirizi au kumnyang'anya vidonge vyake. Dua na dawa havigombani.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas habari ya mwanamke aliyekuwa akianguka, akamwendea Mtume (s.a.w.) amuombee. Hakufukuzwa wala hakulaumiwa. Aliahidiwa Pepo kwa subira yake, na akaombewa asifunuke mwili anapoanguka. Sitara yake ilihifadhiwa. Je, sisi tunamsitiri nani, ikiwa mtoto mwenye kifafa tunamtoa madrasa na binti tunamficha chumbani?

Wauguzi na madaktari nao wazingatie hili. Mgonjwa anayepokewa kwa dharau leo, kesho hatorudi kuchukua dawa, na kuacha dawa ghafla huweza kumletea degedege lisilokoma.

Kwa hiyo tunawausia maimamu walieleze jambo hili katika khutba, hususan kabla ya Ramadhani, ambapo baadhi ya wagonjwa huacha vidonge ili wafunge. Allah amempa mgonjwa ruhusa ya kula. Asione haya kuitumia, na amuulize daktari kabla ya kubadili nyakati za dawa. Nasi sote, mtu akianguka msikitini, tumlaze ubavu, tumwondolee vitu vya hatari, tusimtie kitu mdomoni, na tukae naye mpaka azinduke. Ikipita dakika 5 hajatulia, tumkimbize hospitali.

Wabillahi Tawfiq.