Mohammad Lalbabu Raut: Muislamu aliyeongoza jimbo la Madhesh, Nepal



Vijana wetu wanaokwenda kuishi ughaibuni huniuliza: je, Muislamu anafaa kushika uongozi katika nchi ya wasiokuwa Waislamu? Leo tutazame mfano ulio hai.

Nepal ilikuwa ufalme wa Kihindu mpaka 2006, bunge lilipotangaza kuwa dola haina dini. Katiba ya 2015 ikaigawa nchi majimbo saba. Waislamu ni kama 5 katika kila watu 100, na wengi wako tambarare za kusini, mpakani na India. Huko ndiko anakotoka Raut, wilaya ya Parsa. Februari 2018 aliapishwa kuongoza serikali ya Jimbo Namba 2, cheo ambacho sisi Zanzibar hadi 2010 tulikiita Waziri Kiongozi. Katika wale saba wa mwanzo, Muislamu alikuwa yeye peke yake. Na makao yake yalikuwa Janakpur, mji wa hija wa Wahindu!

Asidhani mtu kuwa alipandishwa na kura za Waislamu. Chama chake, cha Upendra Yadav, na chama mwenza vilipata viti 54 kati ya 107. Kilichowaunganisha ni dhulma waliyoiona watu wa tambarare, Wamadhesi, wanaohesabiwa kama wageni kwao wenyewe. Maandamano yao ya 2015 yaliua watu zaidi ya 40.

Kazi yake inayokumbukwa zaidi ni kampeni ya kusomesha mabinti: baiskeli kwa wasichana wa skuli za serikali, na bima kwa watoto wa kike wanaozaliwa. Katika jimbo ambalo mahari inayodaiwa kwa familia ya bibi harusi huwafilisi wazee wake, hilo si jambo dogo. Zaidi ya hapo alibanwa. Jimbo lake lilitunga sheria ya polisi, lakini Kathmandu haikuachia polisi. Januari 2022 baraza la jimbo lilipitisha jina la Madhesh. Alitoka Januari 2023, akiwa amemaliza muhula, ilhali wenzake wengi waliangushwa 2021.

Sasa suala letu. Wanavyuoni wanaojuzisha hutaja Nabii Yusuf, alayhis salaam, aliyeomba kusimamia hazina za Misri. Ibn Taymiyyah ametaja pia Najashi, ambaye hakuweza kuwahukumu watu wake kwa Qur'ani, na hakulaumiwa kwa asiloliweza. Masharti ni kuwa mtu apunguze dhulma kwa kadiri ya uwezo wake, na asiiuze dini yake.

Raut hakuweza kugusa katiba, ambayo inakataza kumwita mtu aache dini yake. Kwa hiyo anayempima kwa alichokifanyia Uislamu tu atamwona mtupu. Mimi naona apimwe kwa wale mabinti, Waislamu na Wahindu, waliofika skuli. Wallahu a'lam.