Hatuombi Kibali, Tunatoa Taarifa

Kila tunapoalikwa kuzungumza katika makanisa na vikundi vya wananchi, kuna swali moja linalotufuata kama kivuli. Muumini husubiri watu wapungue, kisha husogea karibu na kuuliza kwa sauti ya chini: "Mawakili, hayo maandamano yamepata kibali?" Anayeuliza hivyo si mwoga, wala si kibaraka. Ni mzee wa kanisa, au ni mama anayefundisha shule ya Jumapili, mtu aliyeishi maisha yake yote bila kukanyaga kizimba cha mahakama na asiyetaka kuanza uzeeni. Tumeona vyema tumjibu hadharani. Hayakupata kibali, kwa sababu katika sheria za Kenya hakuna kibali cha maandamano. Kilichopo ni taarifa, na kati ya maneno hayo mawili kuna makaburi.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kupiga kambi ya kushinikiza na kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka, mradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha. Inasema kila mtu. Haikusema kila mtu aliyeruhusiwa. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, ambayo tuliirithi kutoka kwa mkoloni, inamtaka anayeandaa mkutano au msafara amwarifu mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo angalau siku 3 kabla, na si zaidi ya siku 14. Barua hiyo hutaja jina na anwani ya mwandalizi, tarehe na saa, na mahali au njia itakayofuatwa. Saa zenyewe ziwe kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Basi. Mkuu wa kituo hapewi barua hiyo ili atoe baraka zake. Anapewa ili ajue, apange magari barabarani, na awalinde watu.

Haikuwa hivyo siku zote. Kwa miongo mitatu na zaidi baada ya uhuru, sheria hiyo hiyo ilidai leseni, na aliyekuwa na neno ambalo wakubwa hawakupenda kulisikia alilijua jibu kabla hajatoka nyumbani kwenda kuomba. Mkutano wa Kamukunji wa tarehe 7 Julai 1990 haukupewa leseni. Siku 3 kabla yake, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walioutangaza, walitiwa kizuizini. Wananchi walikwenda hata hivyo. Watu wasiopungua 20 waliuawa katika siku zile, na zaidi ya 1,000 wakakamatwa. Mwezi wa Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichokuwa kimeifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria tangu 1982, kiliondolewa. Wanaosema kwamba maandamano hayajawahi kuleta kitu katika nchi hii wana kazi ya kutueleza nini kilichotokea kati ya tarehe hizo mbili.

Lakini mfano tunaoupenda zaidi si Kamukunji. Ni akina mama wa wafungwa wa kisiasa. Mwishoni mwa Februari 1992 walikwenda kwanza kwa Mkuu wa Sheria na malalamiko yao kwa maandishi: vyama vingi vimeruhusiwa, kwa nini wana wetu wangali gerezani kwa kuvidai? Waliambiwa waende nyumbani wakangoje. Wakajibu kwamba watangoja, ila si nyumbani. Wakaenda bustani ya Uhuru, wakatandika, wakaanza kufunga. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa rungu na gesi ya kutoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai, na baadhi ya akina mama wakavua nguo zao mbele ya wale askari, jambo ambalo katika mila zetu ni laana ambayo mwana wa mwanamke haisahau. Walipofukuzwa pale bustanini hawakurudi vijijini. Waliingia Kanisa Kuu la All Saints, lililo karibu tu na pale, wakakaa huko karibu mwaka mzima. Kufikia mwanzo wa 1993 karibu wafungwa wote waliowadai walikuwa wameachiliwa.

Tunaomba msomaji autazame utaratibu wao. Walikuwa na dai moja, ambalo hata mtoto angeweza kulirudia. Walilipeleka kwa ofisi iliyokuwa na uwezo wa kulitimiza. Hawakubeba chochote mikononi. Na walikuwa na mahali pa kukimbilia ambapo mtu alikuwa ameamua kufungua mlango. Hakuna katika hayo lililotokea kwa bahati.

Leseni ilikuja kuondolewa mwishoni mwa 1997, katika mapatano ya wabunge yaliyoitwa IPPG. Wanamageuzi wa NCEC waliokuwa nje ya Bunge waliyaita mapatano yale usaliti, nasi tukiyasoma leo twaona kwamba hawakukosea sana: Katiba mpya waliyoidai ilichelewa miaka 13 zaidi. Lakini nusu mkate ule ulikuwa na chembe moja ya thamani, yaani taarifa badala ya leseni, na bei yake ilikuwa imelipwa miezi michache kabla. Tarehe 7 Julai mwaka huo polisi waliingia ndani ya Kanisa Kuu lile lile la All Saints na kuwapiga watu waliokuwa katika maombi. Mchungaji Timothy Njoya alikuwa miongoni mwa waliojeruhiwa.

Ndiyo maana twahuzunika tunaposikia neno "kibali" likirudi mdomoni mwetu sisi wenyewe. Sisi mawakili hatuna budi kukiri sehemu yetu ya lawama. Mara ngapi tumewashauri wateja wetu "wasubiri polisi wakubali", kwa kuwa ushauri huo haumgharimu wakili chochote? Kituo kimoja tulichokwenda na barua ya taarifa, ofisa wa zamu aliisoma, akaikunja, akaturudishia na kutuambia kwamba mkubwa wake "hajaidhinisha". Wenzetu tuliokuwa nao, watu wa mageuzi kabisa, walianza kukusanya mikoba yao waondoke. Mazoea ya leseni yalikuwa bado yamo miguuni mwao.

Na wapo wanaotaka kuyarudisha mazoea hayo katika sheria. Mwaka 2025 ulipelekwa Bungeni mswada wa kuzuia maandamano ndani ya mita 100 kutoka Bunge, mahakama na sehemu nyingine zilizolindwa, na kuipa serikali uwezo wa kutenga maeneo ya kuandamania. Fikiria wale akina mama wakiambiwa wakalilie wana wao katika kiwanja walichotengewa, mbali na aliyewafunga. Haki ya kulalamika mahali asiposikia unayemlalamikia haitofautiani sana na kunyamaza.

Tunajua pia kwamba baadhi ya waumini huzuiwa na Maandiko, na hasa mlango wa 13 wa Waraka kwa Warumi, ambao viongozi wetu huukumbuka upesi kuliko Amri Kumi. Mwandishi wake ni mtume yule yule ambaye, baada ya kuchapwa viboko hadharani kule Filipi bila kuhukumiwa, aliletewa habari asubuhi kwamba yuko huru, aondoke zake kimya. Paulo alikataa. Alisema kwamba yeye ni raia wa Rumi, na waliomfunga waje wenyewe wamtoe. Nao wakaja. Aliyeandika juu ya kutii mamlaka hakuona kosa kuyadai mamlaka yatii sheria yao yenyewe. Kwetu Kenya jambo hili ni wazi zaidi, maana kifungu cha 1 cha Katiba chasema mamlaka yote ni ya wananchi.

Sasa tuzungumze juu ya jiwe. Kifungu cha 37 hakimlindi anayelirusha. Na Sura ya 56 inampa ofisa wa polisi wa cheo cha inspekta au zaidi uwezo wa kusimamisha msafara ikiwa kuna hatari ya wazi, iliyopo au inayokaribia, ya kuvunjika kwa amani. Kijana anayelirusha jiwe anamwandikia inspekta sababu ambayo inspekta hakuwa nayo. Hatusemi haya kwa kuwadharau vijana. Mwezi wa Juni 2024 walisimama dhidi ya Mswada wa Fedha, wengi wao wakiwa na chupa ya maji, bendera na simu tu, na tarehe 26 Juni Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuja kuhesabu vifo 60 katika maandamano ya mwaka ule. Tarehe 17 Juni 2025 Nairobi ikaona makundi ya watu wenye rungu na mijeledi wakiwapiga waandamanaji mchana. Wahuni wa kukodiwa huja kwa shabaha moja: kuufanya msafara wa amani ufanane na fujo, ili kesho gazetini na mahakamani asijulikane aliyeanza.

Kwa hiyo amani ya maandamano haiwezi kuachiwa nia njema. Kila msafara uwe na wasimamizi wanaojuana kwa sura, mmoja kwa kila kundi dogo, nao wajue la kufanya mgeni mwenye rungu akiingia safuni: kukaa chini pamoja, kumwacha amesimama peke yake, na kupiga picha. Barua ya taarifa ipelekwe na watu wawili, nakala mbili, moja irudi na muhuri. Ofisa akikataa kuigonga, andikeni jina lake au nambari yake ya kazi, saa na tarehe, na mtume nakala nyingine kwa njia inayoacha ushahidi. Msibishane naye. Barua imefika.

Anayekamatwa ana haki, chini ya kifungu cha 49, ya kuambiwa mara moja sababu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Na kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, halimruhusu mtu kuwekwa rumande. Haya yasomwe kwa sauti kanisani Jumapili ya kabla, maana seli si mahali pazuri pa kuanza kujifunza sheria.

Si kila muumini ataandamana. Wapo wagonjwa, wapo wenye watoto wachanga, na kuna kazi ambayo wao wataifanya vizuri kuliko sisi: kubaki na orodha ya majina ya waliotoka asubuhi na kuihesabu jioni, kuchemsha chai, kukaa karibu na simu. Na kwa wachungaji na mapadre ambao parokia zao ziko kando ya njia ya msafara, tuna swali moja tunaloomba lijibiwe katika mkutano wa wazee wiki hii. Siku hiyo, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, ufunguo wa lango utakuwa mfukoni mwa nani?