Tahadhari: Kabla Hujauza Kiti cha Babu

Abagusii wenzangu wa Kisii na Nyamira, tukirudi nyumbani Desemba, nyumba za wazee husafishwa na vitu vya zamani hutolewa nje. Mtu akija kuulizia kiti cha mzee kilichopigiliwa shanga, au ala ya muziki ya obokano yenye nyuzi nane, usipokee hata shilingi kabla ukoo haujaketi. Viti vya aina hiyo huuzwa Ulaya na Marekani kama sanaa, bila jina la mzee aliyevikalia akiamua mashauri.

Tazameni yaliyowapata Wamijikenda. Kigango ni nguzo iliyochongwa kwa heshima ya marehemu wa chama cha Gohu, na roho yake huaminiwa kukaa humo. Hakihamishwi. Mwaka 1985 mzee Kalume Mwakiru wa Chalani, Kilifi, alipigwa picha mbele ya vigango vya ndugu zake wawili. Muda si mrefu vikaibwa. Baada ya miaka mingi vilionekana katika makumbusho mawili ya Marekani, moja Illinois na lingine Virginia. Vilirudi 2007 kwa sababu ile picha ilikuwepo. Mamia ya vigango vingine vilivuka bahari bila ushahidi wa namna hiyo.

Na si Afrika tu. Mwaka 2013 kesi ilipelekwa mahakamani Paris kwa niaba ya Wahopi wa Arizona ili kuzuia mnada wa vinyago vyao vitakatifu, ambavyo kwao ni viumbe hai. Mahakama iliwakatalia, vikauzwa.

Sisemi msiuze mawe ya Tabaka. Hayo huchongwa kwa ajili ya soko, na yamesomesha watoto wetu. Nasema juu ya kile ambacho fundi wake amekufa na hakuna atakayekichonga tena.

Kwa hiyo fanyeni haya mapema. Pigeni picha ya kila kitu cha kale, mbele na nyuma, pamoja na anayekitunza. Mrekodini mzee akitaja aliyekichonga, ukoo wake na kilitumika katika sherehe gani. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine apewe ndugu wa mbali. Kikiibwa, ripoti polisi na Makumbusho ya Taifa siku hiyohiyo, kwa maana sheria ya mwaka 2006 inakataza kutoa mali ya kale nchini bila kibali.

Simu unayo mkononi. Anza na kitu kimoja leo, maana kikishavuka mpaka bila picha, hutakuwa na cha kuwaonyesha wanaokishikilia.