Mwenye Ploti Ana Hati?

CBC inapenda sana "maswali dadisi". Maneno matamu. Lakini kama jibu tayari liko kwenye kitabu na mwalimu anangoja tu arudishiwe lilivyo, hapo kuna udadisi gani? Ni kukariri kulikovalishwa nguo mpya.

Mimi niliacha chuo kikuu, kwa hivyo sina digrii ya kumtisha mtu. Nina swali moja, na mtoto wa darasa la sita analiweza: kwa nini mwenye ploti wa Kawangware mara nyingi ana hati ya ardhi, na yule wa Kibera hana? Mabati ni yale yale, mtaro ni ule ule, jiji ni moja.

Jibu liko kwenye nyaraka. Kawangware ilikuwa upande wa ardhi ya Wakikuyu, huko Dagoretti, na familia zikaja kupata hati. Kibera ilikuwa ardhi ya jeshi. Wakoloni waliwaruhusu Wanubi, askari wa King's African Rifles, waishi pale bila kuimiliki. Ilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Mwaka 2017 Wanubi walipewa hati ya ekari 288. Zingine zilienda wapi? Hilo sasa ndilo swali dadisi.

Na nyaraka zenyewe hazijafichwa. Matoleo ya Kenya Gazette ya kuanzia 1899 yako Google Books, bure. Tangu 2009, vijana wa Map Kibera wameuchora mtaa wao kwenye OpenStreetMap. Simu ya mwalimu na bando ya siku moja zinatosha darasa kuanza.

Kwa hivyo msituambie kila siku ni shida ya kompyuta. Ni kweli hazitoshi. Lakini kinachokosekana zaidi ni ruhusa ya kuuliza swali ambalo mwalimu hana jibu lake, na ambalo mkubwa fulani angependa linyamaziwe.

Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kupisha barabara. Shule nazo ziliangushwa. Serikali ikitaka kutwaa ardhi ya mtu, ilani hutoka kwenye Gazette hiyo hiyo. Mtoto aliyefundishwa kuipekua hatakuwa wakili, sawa. Lakini siku watu wa makaratasi watakapobisha mlangoni, atajua la kuwauliza. Wasee, elimu ya kumwezesha mtu kubaki kwao haiwezi kungoja mtihani.