Tukiuza Chakula, Tuombe Ukweli Kabla ya Sifa



Bibi harusi akipika mara ya kwanza ukweni, jibu linajulikana kabla sahani haijafika: "Mashaallah, tamu!" Hata kama chumvi imezidi. Hiyo ni adabu, tena ina asili. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) hakukitia ila chakula kamwe. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha.

Lakini bibi harusi huyohuyo akiamua kuuza anachopika, adabu hii inaweza kumponza. Maoni yetu ni haya: anayeanza kuuza chakula cha nyumbani asitegemee sifa. Amfungulie mteja njia ya kusema kweli bila kuona haya.

Tuchukue mfano wa dada wa Mpanda. Katavi ni nchi ya miombo. Asali ya Inyonga, wilayani Mlele, ina jina, na karanga zinalimwa. Tuseme dada huyu anatengeneza siagi ya karanga yenye asali. Anamwonjesha mama, wifi na jirani, na wote wanasifu. Anaazima mtaji, anajaza makopo 100, na mwezi unapita makopo yakiwa bado kabatini. Waliosifu hawakurudi kununua. Hawakumchukia, ila walimwonea haya.

Afanyeje? Kwanza, asiulize "Ni tamu?" Swali hilo lina jibu moja tu. Aulize: "Kopo lilikwisha baada ya siku ngapi? Nani alikula? Ningepunguza nini?" Pili, aweke vibakuli viwili, kimoja asali nyingi, kingine kidogo, asiseme kipi anakipenda yeye. Mteja achague. Kuchagua ni rahisi kuliko kukosoa. Tatu, awauzie wasiomjua, kwa bei kamili, maana kinacholiwa bure husifiwa bure. Nne, awe na daftari la wanaorudi. Anayetoa pesa yake mara ya pili amesema kweli kuliko aliyesifu mara kumi.

Swali la "nani alikula" si la udadisi. Asali haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru vibaya. Mama akijibu kwamba anamlambisha mtoto wa miezi 6, mweleze palepale, kisha andika onyo hilo kwenye lebo.

Na mteja akisema "ina uchungu", tusibishane naye. Huenda kuna karanga zilizoota ukungu, na ukungu ndio mama wa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Ulimi hauwezi kuipima. Kwa hiyo sifa za wateja 100 hazichukui nafasi ya kukausha vizuri, kuchambua punje moja moja, na kupeleka bidhaa TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula Tanzania Bara. SIDO nao hufundisha usindikaji. Tuwaendee mapema.

Sasa tujiangalie na sisi tunaoonjeshwa. Je, tukisema ukweli tutakuwa tumekitia ila chakula? Hapana, ikiwa tumeulizwa. Mtume (S.A.W.) aliwahi kuandaliwa nyama ya dhabbi, mnyama wa jangwani jamii ya mijusi, akarudisha mkono wake. Khalid bin Walid alipomuuliza kama ni haramu, alijibu kuwa si haramu, ila mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta sahani akala. Ukweli ulisemwa kwa upole, hakuna aliyeaibishwa, na chakula hakikutupwa.

Basi dada akituuliza kwa nia ya kujifunza, tumwambie faraghani, tena kwa jambo analoweza kulirekebisha: asali imezidi, karanga zimeungua, kopo linavuja. Tusimwambie "tamu" kisha tukasimulie mengine kwenye kitchen party. Hilo la pili ni kumsengenya, na la kwanza linamla mtaji wake.

Allah atubarikie riziki ya halali. Amin.