Anayeogopa barua ya kujieleza hawezi kujifunza

MEZA YA KAZI
Na Rehema Kiswaga

Semina za fikra chanya zimeshamiri maofisini. Mtoa mada anakuja, makofi yanapigwa, picha ya pamoja inapigwa, na kesho yake kazi inaendelea kama jana. Sipingi mafunzo hayo. Lakini moyo wa kujifunza kazini hujengeka au hubomoka siku mfanyakazi anapoingia kwa mkuu wake na kusema, "Bosi, nimekosea."

Fikra chanya zina utafiti wake pia. Mwaka 1998 Martin Seligman, akiwa rais wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, aliwahimiza wenzake wachunguze pia yanayomfanya binadamu astawi, wasiishie kwenye maradhi ya akili. Mwaka huohuo Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha utafiti kuhusu watoto wa shule. Waliosifiwa kwa bidii walitaka maswali ya kuwafundisha jambo jipya. Waliosifiwa kwa akili walipendelea maswali ambayo yangewaonyesha kuwa ni hodari, na walipofeli walikata tamaa upesi. Wengi wao kuliko wenzao walidanganya hata kuhusu alama walizopata.

Udanganyifu huo unatuhusu watu wazima. Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson wa Harvard alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali Marekani. Alitarajia wodi zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache, lakini ndizo zilizoripoti mengi zaidi. Alipofuatilia akabaini kwamba wauguzi wa wodi hizo walikuwa huru kuyasema. Penye vitisho makosa yalifichwa, na wa kuumia hapo ni mgonjwa.

Sasa mfikirie keshia wetu anayegundua kuwa amemlipa mzabuni mmoja mara mbili. Anajua akisema atapewa barua ya kujieleza kabla ya kuulizwa ilikuwaje. Basi anafunika kombe mwanaharamu apite. Miezi inapita, mkaguzi wa hesabu analiibua kosa hilo, fedha hazirudi, na hakuna aliyeuliza ni pengo gani lililoruhusu ankara ileile ilipwe tena.

Sitetei uzembe wala wizi. Aliyeghushi risiti afikishwe kwenye kamati ya nidhamu. Wala sisemi tusifu juhudi zisizozaa matunda. Dweck mwenyewe ameonya kuwa kumwambia mtu "umejitahidi" bila kumwonyesha mbinu nyingine ni kumwacha palepale. Na fikra chanya hazilipi kodi ya nyumba ya mtumishi ambaye mshahara wake umechelewa. Mwajiri atimize wajibu wake kwanza, ndipo azungumzie mtazamo.

Nafasi ya kubadilika ipo. OPRAS, mfumo wa kupima utendaji kazi ulioanza katika utumishi wa umma Tanzania mwaka 2004, uliweka mapitio ya nusu mwaka ili mkuu na mtumishi waketi wazungumze kabla mwaka haujaisha. Mahali pengi yaligeuka kazi ya kujaza fomu na kutia saini. Sasa mahali pake tuna PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji kwa kompyuta, lakini mfumo huo, hata ungekuwa mzuri vipi, hauwezi kumwuliza mtu kwa upole: umekwama wapi, na nikusaidie nini?

Ombi langu kwa wakuu wa vitengo ni dogo. Kikao cha Jumatatu kianze kwa swali moja: wiki iliyopita nini kilikwenda kombo, na tubadilishe nini? Mkuu ajibu wa kwanza, ili walio chini yake wasiogope. Anayetaja kosa lake mwenyewe asikilizwe kabla ya barua yoyote kuandikwa, na marekebisho yapewe mwenye kuyafanya na tarehe ya kukamilika. Mkuu anayelisikia kosa siku ileile anaweza bado kulirekebisha. Anayesubiri kuambiwa na mkaguzi amebakiwa na adhabu peke yake, na adhabu haijawahi kumfundisha mtu kazi.